Kasumba na Kikombe: Safari ya Sheria za Dawa za Kulevya hadi Mwambao Wetu

Limo katika lugha yetu neno moja lililobeba historia ndefu, nalo ni kasumba. Kijana wa leo akilisikia hudhani kuwa ni jina la fikra mbovu aliyotiwa mtu kichwani akapumbaa nayo, na kwa hivyo husema kasumba ya kikoloni, au kasumba ya kuvidharau vya kwetu. Lakini wazee na kamusi hutukumbusha kwamba maana ya asili ni nyengine. Kasumba ni afyuni, yaani ule utomvu unaokusanywa kutoka katika tumba bichi la mmea wake, kisha ukaachwa ukauke. Ulevi wa utomvu huo ndio ulioipa lugha mfano wa ulevi wa fikra, na baadaye mfano ukaenea hata asili ikasahauliwa.

Makala haya yanakusudia kuzifuata maana zote mbili. Tutaanza na kasumba yenyewe, tuone namna ilivyouzwa, ilivyokatazwa, na namna mtoto wake, heroini, alivyoshuka katika bandari zetu. Kisha tutaitazama kasumba ya pili, ile ya fikra, ambayo imetufanya kwa muda mrefu tuamini kuwa maradhi yanaweza kutibiwa kwa pingu. Hoja yetu ni moja tu: sheria tulizozirithi ziliandikwa kwa ajili ya kuidhibiti dawa, na ndani yake mtu hakuonekana. Kila mahali roho za watu zilipookoka, ziliokoka kwa sababu mtu alianza kuonekana.

Kutoka Duka la Mtabibu hadi Meza ya Wakubwa

Afyuni si kitu kigeni katika Bahari ya Hindi. Matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu waliijua vyema, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliiandika miongoni mwa dawa za kutuliza maumivu na kuleta usingizi, na pia akaonya juu ya sumu yake. Kwa karne nyingi ilibakia hivyo, dawa ya tabibu na biashara ya mfanya biashara, ikisafiri pamoja na viungo na vitambaa.

Kilichoibadilisha hali ni biashara kubwa ya Waingereza. Katika karne ya 18 na ya 19 Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India ilihodhi kilimo cha afyuni huko Bengal, na mali hiyo ikapelekwa China ingawa watawala wa China walikuwa wameipiga marufuku. China ilipojaribu kuizuia kwa nguvu, ilipigwa vita mara mbili, kwanza kutoka 1839 hadi 1842, na mara ya pili kutoka 1856 hadi 1860. Hata mwishoni mwa karne hiyo, tume ya kifalme iliyokaa baina ya 1893 na 1895 kuchunguza afyuni ya India ilitoa rai kwamba madhara yake hayakuwa makubwa kama yalivyosemwa. Mapato ya serikali yalikuwa makubwa, na aliyefaidika na mizani ndiye aliyeishika.

Karne ya 20 ilipoingia, upepo uligeuka. Mataifa yalikutana Shanghai mwaka 1909, kisha The Hague mwaka 1912, yakafunga mkataba wa kwanza wa kuidhibiti afyuni na jamaa zake. Mkutano wa Geneva wa 1925 uliiongeza bangi katika orodha hiyo. Mikataba hii iliwafikia watu wa makoloni bila ya wao kuulizwa. Sisi wa Mwambao wa Afrika ya Mashariki, Unguja na Pemba tukiwa himaya ya Mwingereza tangu 1890, hatukuwa na kiti katika meza hizo. Sheria za dawa za hatari zililetwa zikiwa tayari zimeshonwa, nasi tukavishwa.

Hapa pana jambo moja ambalo msomaji wetu anapaswa kulizingatia. Mwaka 1926, wakati sheria za makatazo zikienezwa katika makoloni, huko Uingereza kwenyewe kamati ya madaktari iliyoongozwa na Sir Humphry Rolleston ilitoa uamuzi kwamba aliyezama katika mofini au heroini ni mgonjwa. Daktari aliruhusiwa kumwandikia kiasi cha dawa hiyo hiyo pale ambapo kumkatisha kungemdhuru, ili aweze kuishi na kufanya kazi zake. Utaratibu huo ulidumu kwao kwa miongo kadhaa. Basi Mwingereza alikuwa na vitabu viwili: kimoja cha tabibu, alichokiweka nyumbani, na kimoja cha askari, ndicho alichokisafirisha.

Mtoto wa Afyuni

Heroini yenyewe haikuzaliwa katika vichochoro. Ilitengenezwa kwanza London mwaka 1874 na mkemia C. R. Alder Wright, akiijaribu mofini kwa kuichemsha na kemikali nyengine. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaiingiza sokoni kwa jina hilo la Heroin, ikiuzwa kuwa dawa ya kikohozi. Haukupita muda mrefu madaktari wakagundua kuwa mgonjwa aliyekuja kutibiwa kifua alikuwa anarudi akiitaka dawa hata kikohozi kilipokwisha.

Mwaka 1961, huko New York, mikataba ya zamani iliunganishwa ikawa mmoja, na ndio uliokuwa msingi wa sheria za nchi nyingi zilizopata uhuru katika miaka hiyo. Mkataba huo ulisisitiza adhabu kwa kumiliki, kuuza na kusafirisha. Hata hivyo haukuwa na uso mmoja. Kifungu chake cha 38 kiliyataka mataifa yashughulikie tiba ya waliotopea, na nyongeza ya mwaka 1972 ilifungua mlango wazi zaidi, kwamba mtumiaji anaweza kupewa tiba na malezi badala ya kufungwa. Mataifa mengi yalizisoma kurasa za adhabu na kuziruka kurasa za tiba. Kwa hivyo si sahihi kusema kwamba mikataba ilitufunga mikono. Kwa sehemu kubwa tulijifunga wenyewe.

Mkataba wa Vienna wa 1988 dhidi ya biashara ya magendo ulizidisha ukali, na katika kuufuata Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1994, na Tanzania mwaka 1995. Sheria ya Kenya iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa aliyekutwa na bangi ya matumizi yake mwenyewe, na hadi miaka 20 kwa aliyekutwa na dawa nyengine. Kumiliki chombo cha kutumilia dawa nako kukawa kosa. Msomaji ayakumbuke maneno haya, chombo cha kutumilia, kwani tutayarudia.

Jinsi orodha hizi zilivyo kazi ya mikono ya watu, tazama mirungi. Jani hilo hilo huliwa kwa halali Lamu, mchana na mbele za watu, ambako huitwa miraa. Likivuka mpaka likafika Tanga au Pemba, huwa ni kosa la jinai. Jani halikubadilika njiani. Kilichobadilika ni karatasi.

Unga Waingia Bandarini

Katika miaka ya 1980 heroini ilianza kuonekana katika miji yetu ya pwani. Njia yake ni ile ile ya majahazi, kutoka pwani ya Makran, baina ya Iran na Pakistan, hadi kwetu, ikiwa ni mazao ya mashamba ya afyuni ya Afghanistan. Sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa ya kupita tu, ikielekea Ulaya. Lakini palipopita gunia pamemwagika punje, na punje hizo zilibakia Mombasa, Malindi, Lamu, Dar es Salaam na Mji Mkongwe.

Lugha haikuchelewa kuupokea ugeni huo. Ukaitwa unga, kama kwamba ni chakula. Kipimo kidogo kilichofungwa karatasini kikaitwa kete, kama kwamba ni mchezo wa bao. Kuvuta kwa pua kukawa kubwia, na yale mateso ya mwili unaodai dawa, mifupa kuuma, tumbo kukatika, jasho na baridi kwa pamoja, yakaitwa arosto. Na mtumiaji akaitwa teja. Husemwa kuwa jina hili limekatwa kutoka mteja, yaani mnunuzi. Ikiwa ni kweli, basi ni neno lililosema zaidi ya lilivyokusudia: kijana wa watu, mwenye ukoo na mtaa, alibakia na sifa moja tu, ile ya kuwa mnunuzi wa kete.

Kwa miaka ya mwanzo unga ulikuwa wa rangi ya kahawia, ukivutwa kwa moshi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ulikuja unga mweupe unaoyeyuka kwa wepesi katika maji, na sindano ikaingia. Susan Beckerleg, mtafiti aliyekaa miaka mingi katika pwani ya Kenya, aliyaandika mageuzi hayo jinsi alivyoyaona Malindi na Mombasa. Pamoja na sindano vikaingia virusi vya UKIMWI na homa ya ini.

Athari yake ilionekana katika hesabu. Zanzibar ni miongoni mwa sehemu za Afrika ya Mashariki zilizosalimika zaidi na janga la UKIMWI. Maambukizo katika jamii kwa jumla hayakufika mtu mmoja katika mia. Lakini uchunguzi wa mwaka 2007 miongoni mwa wanaojidunga Unguja ulikuta kiasi cha watu 16 katika kila mia. Kisiwa kimoja, watu wale wale, na baina yao kiambaza cha sindano.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2005, watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam khabari iliyoutisha ulimwengu wa matibabu. Wapo wanawake waliokuwa hawana fedha ya kete, na mwenzao aliyepata akijidunga kwanza, kisha huivuta damu yake mwenyewe katika bomba la sindano na kumpa mwenzake ajidunge damu hiyo, kwa matumaini kuwa imebakia chembe ya unga ya kumtuliza arosto. Kwa afya ni balaa tupu. Lakini kwa anayewatazama kama watu, kitendo hicho kinaeleza pia kuwa hata huko chini kabisa palikuwa na kugawana na kuhurumiana. Walichokosa watu hawa ni mtu wa kuwashika mkono kwa namna isiyoua.

Miji Miwili na Somo Moja

Kabla ya kurudi nyumbani, tupite katika miji ya wengine iliyotangulia kuyaonja haya, kwani wahenga walisema, ukiona mwenzio ananyolewa, chako tia maji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mji wa Edinburgh, Scotland, uliingiliwa na heroini. Wakubwa wa mji walichagua ukali. Maduka ya dawa yaliacha kuwauzia vijana mabomba ya sindano, na polisi wakawa wanayanyang'anya popote walipoyakuta. Vijana hawakuacha kujidunga. Waliacha kuwa na sindano zao wenyewe. Bomba moja likazungushwa kwa watu wengi katika chumba kimoja. Mwaka 1986 daktari Roy Robertson na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa damu za wagonjwa wao 164 waliokuwa wakijidunga: zaidi kidogo ya nusu yao walikuwa tayari wana virusi.

Amsterdam walishika njia nyengine, na walioanza ni watumiaji wenyewe. Walikuwa na chama chao, nao wakihofia homa ya ini walianza mwaka 1984 kugawa sindano safi na kuzikusanya zilizotumika. Mwaka 1986 Liverpool na miji jirani ya Uingereza ikaifuata njia hiyo, na virusi havikuenea huko kama vilivyoenea Edinburgh. Hapo ndipo lilipopata nguvu lile wazo tunaloliita kupunguza madhara. Msingi wake ni rahisi: ikiwa mtu hajaweza kuacha leo, asife leo. Akiwa hai kesho, kesho anaweza kuacha.

Wazo la pili linatokana na methadoni, dawa iliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Katikati ya miaka ya 1960, huko New York, Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha kwamba mraibu wa heroini akipewa methadoni kwa kipimo sahihi kila siku, arosto hutulia, tamaa ya heroini hupungua, na mtu huweza kurudi kazini na kwa watoto wake. Inanywewa, haidungwi, na nguvu yake hudumu takriban siku nzima bila ya ule msukosuko wa kupanda na kushuka. Shirika la Afya Ulimwenguni liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2005.

Kikombe Chafika Mwambao

Kwetu, hatua za mwanzo hazikutoka serikalini. Mradi wa Omari ulianza katika wilaya ya Malindi katikati ya miaka ya 1990, ukiwafuata watumiaji walipo badala ya kungoja waje. Unguja, kuelekea mwisho wa muongo wa 2000, waliopata nafuu walianzisha nyumba za kuwapokea wenzao, maarufu kwa jina la soba. Ndani ya nyumba hizo aliyeacha ndiye mwalimu, na mgeni hupokewa na mtu aliyeijua arosto kwa mwili wake mwenyewe. Vijana wengine waliingia maskani na magofu wakiwaelimisha wenzao juu ya sindano na virusi. Uchunguzi ulipofanywa tena Unguja mwaka 2012, kiwango cha maambukizo miongoni mwa wanaojidunga kilikuwa kimeshuka kutoka 16 hadi kiasi cha 11 katika mia. Ni vigumu kuigawa sifa ya mshuko huo baina ya sababu zake, lakini kazi ya mikono hiyo haiwezi kupuuzwa.

Mauritius, kisiwa ndugu katika bahari yetu, kilitangulia kwa upande wa serikali. Mwaka 2006 kilianzisha methadoni na ubadilishaji wa sindano, baada ya virusi kuwaenea wanaojidunga. Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza ya umma katika Tanzania bara. Kenya ilifuata mwishoni mwa 2014 kwa kliniki ya Mathari, Nairobi, na mwaka 2015 zikafunguliwa za Malindi na Mombasa. Mwaka huo huo wa 2015 Zanzibar ilifungua yake katika hospitali ya Kidongo Chekundu.

Utaratibu wa kliniki hizi ni wa unyenyekevu. Mtu hufika asubuhi, hutaja jina lake, hukaguliwa kwenye daftari, hupewa kikombe kidogo, akanywa mbele ya muuguzi, akazungumza neno moja mawili kuthibitisha kuwa amemeza, akenda zake. Kesho hurudi. Kwa anayetazama kwa mbali ni jambo dogo. Lakini kwa aliyekuwa akiamka alfajiri akiwaza ataiba wapi ili apate kete ya asubuhi, siku iliyoanza kwa kikombe ni siku aliyorudishiwa.

Hoja ya Wazee

Haikuwa rahisi kwa jamii kuyakubali haya, na si haki kuwadhihaki waliopinga. Kenya ilipotangaza mwaka 2012 mpango wa kugawa sindano, baadhi ya viongozi wa dini wa Mwambao waliupinga wakihofia kuwa ni kuhalalisha haramu. Wazee waliuliza: je, methadoni si kasumba nyengine iliyobadilishwa kikombe? Na mama aliyeuziwa hadi milango ya nyumba yake na mwanawe ana haki ya kuuliza kwa nini mhalifu aandaliwe kliniki.

Swali la kwanza lina ukweli ndani yake. Methadoni ni ya ukoo wa afyuni, na mwili huizoea. Tofauti iko katika maisha yanayoizunguka: kipimo kinajulikana, sindano haipo, fedha haitafutwi kwa wizi, na muuguzi yupo. Wengine huipunguza kidogo kidogo hadi wakaiacha. Wengine huihitaji kwa miaka mingi, kama mgonjwa wa sukari na dawa yake.

Kwa upande wa dini, fikihi haikutuacha bila ya mwanga. Kanuni mashuhuri inasema pasiwe na kudhuru wala kudhuriana, na wanazuoni wamejenga juu yake kwamba madhara mawili yakikutana na hapana budi, hubebwa lililo jepesi. Wala nchi za Kiislamu hazikusubiri kufundishwa jambo hili na Ulaya. Iran, yenye sheria kali mno juu ya dawa za kulevya, iliingiza methadoni hadi ndani ya magereza, na mwaka 2005 mkuu wake wa mahakama aliwaandikia mahakimu wasiwaingilie wanaotoa huduma za sindano na methadoni. Malaysia nayo ilianza methadoni na ubadilishaji wa sindano katika miaka hiyo hiyo. Hawakuihalalisha haramu. Waliona kwamba kuhifadhi roho ni miongoni mwa makusudio ya sheria yenyewe.

Ama mama aliyeibiwa, jawabu lake ni zito zaidi. Wizi ni wizi, na mahakama ipo. Lakini aulizwe kama jela ilimrudishia mwanawe alivyokuwa. Jela zetu haziondoi uraibu. Humtoa mtu baada ya miezi, mwili umesahau dawa, naye akirudia kipimo chake cha zamani huweza kufa siku ile ile. Wapo waliozikwa hivyo, na jirani wakaambiwa ni homa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua.

Sheria na Haki

Basi tumefika wapi? Kikombe kimefika, lakini kitabu cha askari hakijafungwa. Tanzania ilitunga sheria mpya mwaka 2015 na kuunda mamlaka yake ya kudhibiti na kupambana na dawa za kulevya. Kenya ilirekebisha viwango vya adhabu mwaka 2022. Utumiaji na umiliki vilibakia makosa ya jinai. Matokeo yake ni hali ya ajabu: mkono mmoja wa serikali unampa mtu tiba, na mkono wa pili unaweza kumkamata njiani akienda kuipokea. Akilala rumande siku tatu, amekosa vikombe vitatu, na arosto humrudia mbele ya askari ambaye huenda akamdhania anajifanya. Mwenye sindano safi, aliyopewa kwa ajili ya kuilinda afya yake na ya wengine, amebeba kile kile ambacho sheria inakiita chombo cha kutumilia. Akiitupa kwa hofu, ataazima ya mwenzake. Ndivyo Edinburgh ilivyoangamia.

Wanawake hali yao ni ngumu zaidi. Tafiti za pwani zimekuta virusi vingi zaidi kwao kuliko kwa wanaume, lakini kliniki huwaona wachache. Aibu ya mwanamke mraibu ni maradufu, na mwenye mtoto huogopa kunyang'anywa.

Kudai haki katika jambo hili si kudai uhuru wa kulewa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi, na ibara ya 13 inakataza kumtesa na kumdhalilisha mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja utu katika kifungu cha 28 na afya katika kifungu cha 43. Hakuna mahali palipoandikwa: isipokuwa teja. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikubaliana mwaka 2018 kuziunga mkono nchi zitakazoacha kumtia hatiani mtu kwa kumiliki kiasi cha matumizi yake. Mwaka 2019 ukatolewa mwongozo wa kimataifa juu ya haki za binadamu na sera za dawa. Na mwaka 2024 tume ya Umoja huo inayoshughulikia dawa za kulevya ililitaja kwa mara ya kwanza katika azimio lake neno kupunguza madhara, baada ya miongo ya kuliogopa.

Ureno haikungoja maneno hayo. Tangu Julai 2001 mtu akikutwa huko na dawa isiyozidi mahitaji ya siku kumi, hapelekwi mahakama ya jinai. Huitwa mbele ya baraza dogo lenye mtaalamu wa sheria, wa afya na wa ustawi wa jamii, naye huelekezwa kwenye tiba akiihitaji. Dawa haikuhalalishwa, na mfanya biashara bado hufungwa. Vifo na maambukizo mapya miongoni mwa wanaojidunga vilipungua sana katika miaka iliyofuata. Nasi tuliozoea kusuluhishana barazani, mbele ya wazee, hatuwezi kusema kwamba mtindo huo ni mgeni kwetu.

Tunachokihitaji si kikubwa cha kutisha. Sheria itofautishe baina ya mwenye jahazi na mwenye kete moja. Sindano ya kujikinga isiwe ushahidi wa kosa. Aliye katika tiba akikamatwa, dawa yake imfuate rumande. Na naloksoni, dawa inayomzindua aliyezidiwa na heroini, iwe karibu na wale wanaokuwapo anapoanguka, kwani anayekuwapo ni rafiki wa maskani, daktari huja baadaye.

Lugha nayo ina sehemu yake. Wahudumu siku hizi husema mraibu, au mtu aliye katika nafuu, na wengi wetu hucheka kwamba ni adabu za ofisini. Lakini tunaopenda mashairi tunajua kuwa jina hutangulia hukumu. Aliyeitwa teja amekwisha kuhukumiwa kabla ya kadhi kuketi. Aliyeitwa kwa jina lake na la baba yake bado ana kesi ya kusikilizwa.

Turudi basi tulikoanzia. Kasumba ya kwanza ilipita baharini, ikatuachia makaburi. Ya pili ilikuja katika vitabu vya sheria, ikatuachia imani kwamba kumpiga mgonjwa ni kumponya. Hiyo ya kwanza ina dawa sasa, nayo hutolewa kila asubuhi Kidongo Chekundu, katika kikombe kidogo, kwa mtu anayeulizwa jina lake. Hii ya pili haina kliniki. Tiba yake ni sisi kukaa na kuisoma historia yake, tujue nani aliiandika, na kwa faida ya nani.